Hema la juu ya tela: uzoefu wangu wa misimu miwili, Tanga

Hema nililinunua kabla sijawa na pa kuliweka. Lilikuwa limeshatumika, la kufunguka kwa ubavuni, turubai zito la rangi ya mchanga, godoro lake ndani na ngazi ya alumini. Kilo 60, kwa maneno ya muuzaji. Nikatoa milioni moja na laki nane, nikalileta nyumbani Chumbageni kwa kirikuu. Mke wangu akalizunguka mara moja, akaniuliza, "Baba, hiyo ghorofa yako utaijenga wapi?"

Wengi hulifunga juu ya gari. Nilifanya hivyo safari moja, kwenye keria ya Prado, nikachoka. Mmeshapiga kambi ufukweni Ushongo, barafu imeisha, unataka kutoka dakika kumi tu kwenda kununua, sharti kwanza ukunje kitanda na watoto wamelala. Ndiyo nikaamua kuunda tela. Hema libaki kambini, gari liende zake.

Fundi wangu ni wa Ngamiani, hodari wa mageti na madirisha. Tela hakuwahi kuunda, na alinieleza hivyo tangu siku ya kwanza, jambo lililonifanya nimwamini zaidi. Ekseli tuliipata skrepa, ya nyuma ya Hilux mbovu, pamoja na springi zake. Ni nzito kuliko inavyohitajika, lakini magurudumu yake yana nati sita kama ya Prado yangu, hivyo spea taili moja inalinda gari na tela. Busara hiyo si yangu wala ya fundi. Ni muuza skrepa aliyetushauri tulipokuwa tumeshika ekseli nyingine mkononi. Fremu ni skwea paipu, yaani paipu za chuma za pembe nne, sakafu ni mbao za marini bodi, na juu yake fremu nyingine ya kubebea hema, usawa wa kifua changu. Aliahidi wiki moja, akamaliza kwa tatu.

Safari ya kwanza tulielekea Lushoto. Kabla ya kufika Muheza, kwenye mteremko, basi likatupita kwa kasi, na nilipotupa jicho kwenye kioo nikaona tela linapiga mkia kama papa. Kushoto, kulia, kila mara upana zaidi, mpaka usukani ukaanza kunivuta. Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Bahati nzuri sikukanyaga breki. Niliachia mafuta tu, likatulia lenyewe. Tulisimama chini ya mwembe, hakuna aliyesema neno kwa muda. Mwendo uliobaki, mpaka Mombo na kona zote za kupanda Lushoto, nilikwenda 50, nyuma yangu foleni ya watu wenye hasira.

Niliporudi nilimwambia fundi ekseli imekaa vibaya, akate aihamishe. Akaniambia, "Kaka, chuma nikishakikata hakirudi. Tupime kwanza." Tukalipeleka tela kwenye mizani ya yule yule wa skrepa, likiwa na mzigo wote wa safari: kilo 520. Kisha tukachukua mizani ya nyumbani ya kupimia watu, tukaweka gogo juu yake, na juu ya gogo ule mkono wa tela unaoshikana na gari, tela likiwa sawa kama linavyokaa kwenye gari. Mizani ikasoma kilo 14. Kanuni ni kwamba pale panapoungana na gari pabebe kama asilimia kumi ya uzito wa tela. Mkono ukiwa mwepesi, mkia ndio unaotawala. Na mkiani, kwa mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimepanga madumu matatu ya maji ya lita 20, eti yasisumbue kuyatoa. Kilo 60 za maji nyuma ya ekseli! Tukayahamishia mbele, tukapima tena: 49. Hakuna kilichokatwa. Fundi akadai hela ya soda tu. Tangu siku hiyo nimeshapitwa na mabasi mengi, tela halijanipungia tena.

Lushoto hema lenyewe lilionyesha kasoro yake. Baridi ya Julai, watu wanne wanapumua ndani ya turubai, madirisha tumeyafunga yote: asubuhi godoro limelowa kwa chini kana kwamba mtoto kakojoa. Ni mvuke wa pumzi unaogeuka maji kwenye ubao baridi. Mke wangu alitandika mkeka wa ukindu chini ya godoro, nami nikasifu. Baada ya mwezi mkeka ulikuwa na ukungu mweusi. Sasa tunatumia wavu mgumu wa plastiki, ule wa mabanda ya vifaranga, unaoacha hewa ipite, na dirisha moja halifungwi hata iweje. Pwani tatizo hilo hatulioni, huko adui ni joto. Kabla ya saa nne usiku hakulaliki humo ndani, labda kusi, ule upepo wa kutoka kusini, livume.

Kusi nalo lina adabu zake. Tukiwa Ushongo niliegesha tela ubavu ukiwa baharini ili tuamke tunaona maji. Saa nane usiku kile kifuniko cha mlango kinapiga kama tanga lililokatika kamba. Nikashuka na kaptura, nikalifunga tela kwenye gari, nikaligeuza pua ielekee upepo, wanangu wakiwa juu wanacheka. Msinifanyie hivyo, washusheni watu kwanza.

Kufika huko tulivuka Pangani kwa kivuko, na wakati wa kupanda, mkia wa tela ulikwaruza mlango wa kivuko, mguu mmoja wa nyuma ukapinda. Tumeshaukata mkia kwa mshazari, sasa unapita. Taa pia zilisumbua, nikikanyaga breki indiketa inawaka, kumbe ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, ilitegemea chuma chenye kutu pale tela linapoungana na gari. Tuliiwekea ethi waya wake wa pekee, basi.

Lakini kama uko pwani, ogopa chumvi kuliko yote hayo. Skwea paipu tuliziacha wazi miishoni, zikanywa mchanga na maji ya bahari, na kutu ikaanzia ndani ambako brashi haifiki. Tumeziba miisho, tukatoboa matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke, tukapiga upya redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Na usithubutu kuingiza magurudumu majini ukitoka safarini. Habu, kitovu cha gurudumu, ikiwa na moto na kupoa ghafla inavuta maji ndani kupita sili, ule mpira wa kuyazuia, beringi zinakwisha. Mimi zilinikwisha ndani ya miezi minne. Siku hizi nikirudi ufukweni naosha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi siku ya pili, ndipo nafungua na kupaka grisi mpya.

Hema nalipa alama nne juu ya tano: zipu bado zima, turubai halijavuja hata masika. Tela nalipa tatu, na fundi tano. Ngazi imebaki fupi kwa urefu wa tela letu, na nyongeza aliyoahidi haijafika. Kwa sasa tunaisimamisha juu ya kreti ya soda.