TAHADHARI: Kebo na adapta "orijino" za kuunganisha mita na kompyuta, Kampala

Mafundi wa maabara, kalibresheni na redio, jihadharini. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza kebo za USB kwenda RS-232 (bandari ya serial ya pini 9) na adapta za USB kwenda GPIB (njia ya kuunganisha vyombo vya maabara na kompyuta) kwa bei ya orijino. Anasema duka lake liko katikati ya Kampala, ila hakubali kukutana hapo. Anataka mobail mani kwanza, kisha mzigo unapandishwa basi la Mbarara, Gulu au Arua. Mzigo unafika kweli. Shida iko ndani yake.

Kebo ndizo mbaya zaidi. Kava limeandikwa FTDI, jina la kampuni inayotengeneza chipu, lakini chipu ya ndani ni nakala ya FT232RL yao. Nakala hizi zina historia: Oktoba 2014 draiva ya FTDI iliyokuja na Windows Update ilizibadilishia namba ya utambulisho kutoka 0403:6001 kuwa 0403:0000, na kompyuta zikaacha kuzitambua. Mwaka 2016 draiva nyingine ikaanza kutuma maneno NON GENUINE DEVICE FOUND! kwenye laini badala ya data ya mtumiaji. Multimita ikiyapokea inarudisha kosa -113, yaani amri haijulikani, na fundi anabaki akichokonoa programu yake siku nzima wakati ugonjwa uko kwenye kebo. Ukiwa na kebo mbili, angalia serial namba zao kwa amri ya Linux, lsusb -v. Zikifanana, ni feki. A50285BI ndiyo namba inayojirudia sana kwenye nakala.

Kebo nyingine zina PL2303, chipu ya aina nyingine, ya zamani au ya kuigiza. Windows inaonyesha Code 10, yaani kifaa kimeshindwa kuanza, au kwenye Windows 11 inaandika PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. Muuzaji anakupa flashi yenye draiva ya kale na kukwambia uzime masasisho. Usikubali. Kebo inayohitaji kompyuta ibaki bila masasisho ya usalama haina maana ofisini.

Kipimo kisichodanganyika ni cha volti. Chomeka kebo kwenye kompyuta, usiiunganishe na chombo chochote. Weka mita kwenye DC, waya mweusi pini ya 5, mwekundu pini ya 3 ya plagi ya kiume ya pini 9. RS-232 halisi ikiwa imetulia inasoma hasi, kati ya -5 na -12. Ukipata karibu 0, hakuna saketi ya kupandisha volti: itaongea na baadhi ya mita kwa waya mfupi na kugoma kwa nyingine. Ukipata +3.3 au +5, hiyo ni TTL tupu, yaani volti ndogo za chipu yenyewe, na volti za chombo chako zinaweza kuiunguza. Muuzaji hupenda kuunganisha pini 2 na 3 mbele yako ili herufi zirudi kwenye skrini. Hapo chipu inajisikia yenyewe tu, volti hazijapimwa.

Lakini usimlaumu mtu kabla ya kuhakikisha mipangilio. Kwa mfano multimita ya 34401A inatoka kiwandani ikiwa 9600, biti 7, pariti shufwa, biti 2 za kusimamisha. Inataka kebo ya kuvuka, 2 kwenda 3, na pini za DTR na DSR (za kuashiria utayari) ziwe zimeungwa. Usipotuma kwanza SYST:REM, amri ya kuiweka iongozwe na kompyuta, itakupa kosa 550 hata kwa kebo nzuri.

Adapta za GPIB anazouza kama modeli ya 82357B hupitisha vizuri *IDN?, amri ya kuuliza chombo jina lake, na hapo ndipo wengi wanalipa. Jibu hilo ni mstari mmoja mfupi. Dai mfano wa wimbi zima kutoka osiloskopu, mara kadhaa mfululizo, kwa kebo mliyonayo. Kwenye Linux, 82357B ikichomekwa huonekana kama 0957:0518, na ikishapakiwa programu yake ya ndani inakuwa 0957:0718. Nakala inaweza kuonyesha namba hizohizo, kwa hiyo zisikutoshe peke yake.

Usitume pesa kabla ya kupima mwenyewe, au mtume fundi aliye Kampala aende na mita na laptopu. Akisema amesajiliwa VAT, dai risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa kodi Uganda) yenye jina kamili la bidhaa na neno orijino. Huyu tunayemsema, ukitaja risiti hiyo, anakublock. Walioshanunua, tunzeni ujumbe wa malipo na picha ya chipu kabla ya kurudisha chochote, kwa sababu akipata kebo mkononi anasema mliibadilisha.