Njia fupi yenye mwinuko mkali au ndefu ya kuzunguka?

Tuseme zote mbili zinapanda mita 600 hadi sehemu ileile ya kutazamia mandhari. Hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda: fupi ya kilomita 4 ni kama saa 1 na dakika 50, ndefu ya kilomita 9, saa 2 na dakika 50, bila mapumziko. Maji, nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwaka.

Balaa la njia fupi ni kushuka: magoti yameshachoka, changarawe inateleza, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Zikianzia mahali pamoja, panda kwa fupi, shuka kwa ndefu. Viatu vyenye soli iliyolika? Fupi isahau kabisa.