Wiktionary: nilikwenda kutafuta "si" tu

Binti yangu alikuwa anatazama mahojiano ya mchezaji mpira kwa Kihispania. Kila swali jamaa anaitikia "sí, sí". Akanigeukia: "Baba, mbona huyu anakataa kila kitu?"

Kamusi niliyoilipia kwenye simu haikufaa. Inakulazimisha uchague lugha kwanza, nami nilitaka neno lenyewe, popote linapoishi. Nikaingia Wiktionary, kamusi ya mtandaoni iliyopo bure tangu 2002. Humo ukurasa ni wa tahajia, si wa lugha: kila lugha yenye neno lililoandikwa "si" imepewa chumba chake, kama wapangaji wa nyumba moja.

Usipitwe na mstari mdogo wa juu kabisa. Hapo ndipo unapofungua kurasa za sí, sì na sǐ. Sí ya Kihispania imetoka kwenye sic ya Kilatini, yaani "hivyo". Mtu akikuuliza jambo ukamjibu "hivyo", umeshakubali. Lakini "si" isiyo na alama, yenye maana ya "ikiwa", imetoka kwenye "si" ya Kilatini, neno jingine. Kumbe kile kialama kinatenganisha maneno mawili! Kiitaliano nacho kina sì ya kukubali, halafu kina "si" inayofanya kazi ya "-ji-" yetu: "si lava", anajiosha.

Kilichonishika zaidi ni Kifaransa. Kukubali kwa kawaida ni oui. "Si" huja pale swali linapoulizwa kwa kukanusha, nawe unabisha. "Hujala?" "Si!" Maana yake nimekula. Sasa sikiliza Kiswahili chetu: "Hujala?" "Si nimekula!" Kikanushi chetu kinasimama palepale, kinabisha vilevile. Undugu hawana hata chembe, mmoja ni wa Kibantu na mwingine wa Kilatini, lakini nilirudia kulisema kwa sauti mara tatu nne. Miaka yote hii natamka "si nilikwambia?" bila kujiuliza "si" ile inakanusha nini.

Kwingine nilipita haraka. Waindonesia huweka "si" mbele ya jina la mtu, na Watagalogi vivyo hivyo. Kwa Wachina sì ni nne na sǐ ni kufa, tofauti ni toni tu, ndiyo maana wengi wao huikwepa namba 4.

Upungufu upo. Toleo la Kiswahili, Wikamusi, bado ni dogo, kwa hiyo utamu mwingi utaupata kwenye toleo la Kiingereza, na kwa mtoto asiyekijua vizuri itabidi ukae naye usome. Kurasa za maneno mafupi nazo ni ndefu sana; tumia orodha ya lugha iliyo ndani ya ukurasa badala ya kuteremka kwa kidole.

Ukitaka kuijaribu, anza na neno la herufi mbili. Sisi kesho tunaingia kwenye "na".