Mwongozo wa Kolibri: nyaraka zinazojua cha kuacha

Kolibri ni programu huria ya kusomea bila intaneti, kazi ya shirika la Learning Equality. Kompyuta moja ikishapakiwa masomo, shule ya Faza au Kizingitini, visiwani Lamu, inaweza kutumia video na mazoezi yake bila bando. Hapa tunatathmini mwongozo wake wa mtumiaji, maana tunautamani uigwe na kila anayeandika nyaraka za programu huria.

Kwanza, habari za msimbo hazimo. Wanaotaka kuibadilisha programu wana nyaraka zao pekee. Huku kumebaki kusakinisha, kusimamia, kufundisha na kujifunza. Miradi mingi huyachanganya haya, mwalimu akafungua ukurasa wa kwanza na kukutana na maelekezo ya waprogramu. Hafungui tena.

Sehemu yenye faida kubwa kwa visiwa vya Lamu ni kuingiza masomo kwa diski ya nje. Chaneli, yaani mikusanyo ya masomo ya Kolibri, hupakuliwa penye intaneti ya nguvu, zikahamishiwa kwenye diski, diski ikavuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Masomo hukaa ndani ya folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Iacheni juu kabisa ya diski, msiibadilishe jina wala kuitia ndani ya folda nyingine, la sivyo programu haitayaona masomo na mtu atadhani diski imekufa. Hayo ndiyo ya kuandikwa katika mwongozo wowote: hatua, na papo hapo dalili ya aliyeikosea.

Vivyo hivyo kwenye nakala ya akiba. Amri ya `kolibri manage dbbackup` huhifadhi akaunti na maendeleo ya wanafunzi, video hazimo. Asiyeambiwa hilo atabeba faili dogo akiamini amebeba shule nzima. Na kabla ya kurudisha nakala kwa `dbrestore`, sharti Kolibri izimwe.

Picha za skrini tungezipunguza sana. Kila toleo jipya likihamisha kitufe, picha ya zamani inapotosha kuliko kukosa picha, na kuzipiga upya zote ni kazi inayowashinda watu wa kujitolea. Tena Kolibri ina Kiswahili: mwalimu anaona maneno ya Kiswahili kwenye skrini yake, na ya Kiingereza kwenye picha. Jina la kitufe lililoandikwa sawasawa, pamoja na ukurasa kinapopatikana, linatosha. Picha ibaki pale tu ambapo maneno yanashindwa, kama mchoro wa seva (ile kompyuta yenye masomo), ruta ya Wi-Fi na tableti zinavyounganishwa.

Yako pia mambo yasiyostahili kuingia mwongozo mkuu hata kidogo, kwa sababu ni ya shule moja tu. Hayo yaandikieni karatasi ya ukutani: jina la Wi-Fi, na anwani kamili ya seva, mfano http://192.168.1.10:8080. Anwani hiyo ifungwe kwenye mipangilio ya ruta ili isibadilike. Isipofungwa, umeme ukikatika na kurudi ruta inaweza kuipa seva namba nyingine. Tableti zote zitagoma ilhali Kolibri yenyewe ni nzima. Nenosiri la msimamizi mkuu lisikae ukutani. Liandikwe kwenye daftari la ofisini kwa mwalimu mkuu.