Kabla ya kununua gunia la mchele, uliza lililala wapi

Februari ya mwaka jana nilinunua gunia la mchele la kilo 100 pale sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mchele ule ulikuwa mtamu mpaka tulipovuka nusu. Siku moja nikaingiza kopo, likatoka na bonge. Punje zilikuwa zimeshikana kama ugali wa jana, na harufu ilikuwa ya nguo zilizoanikwa ndani wiki nzima. Nikamwaga gunia lote kwenye turubai barazani. Punje za chini zilikuwa na rangi ya majivu, nyingine zimeanza ukijani. Nikachambua, nikapima, zikawa kilo 23 za kutupa.

Kwa jumla nilinunua shilingi 2,400 kilo moja, wakati duka la mtaani kwetu lilikuwa linauza 2,600. Kwa hiyo niliokoa shilingi 20,000, halafu nikatupa mchele wa shilingi 55,200. Hapo sijahesabu bajaji ya kunifikishia gunia nyumbani wala kijana aliyelishusha.

Gunia lile nililikagua, na hicho ndicho kinachoniuma. Muuzaji alichoma bambo, kile kichuma chenye uwazi cha kuchotea nafaka, karibu na mdomo wa gunia, akanimiminia mchele kiganjani. Nikanusa. Nikatafuna punje mbili, zikavunjika kwa mlio mkavu. Nikatazama chenga, nikatazama mawe, nikahakikisha mizani inasoma sifuri kabla ya kupandisha mzigo. Yale yote mama zetu waliyotufundisha niliyafanya. Sakafu ndiyo sikuitazama. Lile gunia lilikuwa safu ya chini kabisa, juu ya saruji tupu, tena katikati ya masika.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitakuchosha na habari za punje ndefu na punje fupi. Hayo unayajua. Nataka ujifunze kuuliza jambo moja kabla hujatoa pesa: gunia hili lililala wapi?

Sisi wa Mbeya tunaishi karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikianza Novemba zinatufikisha Aprili, mara nyingine Mei, na usiku ni baridi hata jua likiwaka mchana. Sakafu ya saruji isiyowekewa nailoni chini inavuta unyevu kutoka ardhini. Weka juu yake gunia la salfeti lenye uzito wa kilo 100, ulipangie mengine matano mgongoni, uone hewa itapita wapi. Unyevu unapanda pole pole kutoka chini. Juu mchele unabaki mkavu na unanukia vizuri, na huko juu ndiko bambo linakochomwa. Muuzaji anaweza asiwe mwongo hata kidogo. Anakuonyesha mchele mzuri uliomo kweli kwenye gunia lake.

Dawa yake ni chaga. Mbao chache zilizopigiliwa, zinainua mzigo kiganja kimoja kutoka sakafuni, na magunia hayagusi ukuta. Nikiingia stoo siku hizi nainama kwanza kuangalia chini. Nisipoona chaga naaga na kutoka, hata bei iwe ya kurusha roho.

Ukikuta chaga bado usiharakishe. Mwombe kijana alilaze gunia. Pitisha mkono kwenye zile pembe mbili za chini, ubonyeze kwa kidole gumba. Mchele mkavu unateleza ndani, unausikia unakimbia. Mchele uliolowa unabonyea na kubaki hapo. Angalia pia kama kuna mstari wa kahawia unaozunguka gunia karibu na mshono wa chini, hiyo ni alama ya maji yaliyopanda yakakauka. Kisha omba bambo lichomwe chini. Muuzaji akikataa, akikwambia litatoboa gunia, mkumbushe kwamba juu amelichoma bila wasiwasi.

Kuna kipimo kingine ambacho wakulima wanafundishwa na mabwana shamba, na mimi natembea nacho kwenye mkoba. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu vijiko viwili, jaza mchele au mahindi mpaka theluthi moja, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikidondoka yote chini, nafaka ni kavu. Ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka hiyo haifai kuwekwa ndani miezi mitatu. Mara ya kwanza nilipoitoa chupa yangu dukani watu walinitazama sana. Sasa wauzaji wawili wananijua, na mmoja ameniomba nimwonyeshe namna ya kufanya.

Usidhani ukungu ni suala la harufu tu, kwamba ukiosha mara tatu na kutia iliki umemaliza. Kwenye mahindi na karanga ukungu unaleta sumukuvu, ambayo huioni, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Zile kilo 23 jirani aliniomba akawape kuku. Nilikataa, nikazifukia.

Sasa nikupangie wapi pa kununua, kuanzia ninapopapenda.

Namba moja ni mashineni Igurusi, mkiwa kikundi. Unapita Uyole, unashuka Inyala, unaingia bonde la Usangu, na pale kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam utakuta mashine za kukoboa zimepangana. Ubaruku nako kuzuri, lakini ni mbali zaidi. Uzuri wa mashineni ni kwamba mpunga unakobolewa unaona. Mchele unatoka kwenye mdomo wa mashine ukiwa na joto, unaupokea kwa mikono, unaingia kwenye gunia lako mwenyewe, na hapo swali la lililala wapi linakuwa limejijibu. Uache upoe kabla ya kufunga, ukifungwa na joto utatoa jasho ndani. Na mpunga wenyewe uulizie umekaa wapi, ingawa ganda linaulinda kuliko mchele uliokobolewa. Nenda kati ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa yameingia na bei imeshuka. Ukisubiri Januari utalipa bei ya njaa.

Peke yako safari hiyo hailipi. Sisi tuko wanawake wanane, kila mmoja anaweka shilingi 50,000 kwa mwezi kwa mhasibu wetu, na msimu ukifika tunakodi gari moja. Asiyechanga hapati mzigo, hata akiwa shoga wa damu. Mdogo wangu anayeishi Marekani aliponisimulia habari za Costco, kwamba ni ghala kubwa ambalo huruhusiwi kununua bila kadi ya uanachama unayoilipia kila mwaka, nilimwambia mbona hicho ni kikundi chetu, ila wao wamejenga nyumba. Kisha akaniambia kwamba bidhaa isipokuridhisha unairudisha na pesa yako unapewa. Hapo nilinyamaza.

Maana mimi, kabla sijazifukia, nilirudi dukani na zile kilo 23 kwenye kiroba, na risiti mkononi. Muuzaji hakukana kwamba gunia limetoka kwake. Aligeuza risiti akanionyesha maneno yaliyochapwa chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Akasema, «Mama, pole sana, ila unaona mwenyewe.» Maneno hayo yamejaa kwenye risiti za mji huu kana kwamba ni amri ya serikali, wakati Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliwekwa pamoja na mengine kumlinda mlaji na bidhaa mbovu. Mfanyabiashara anataka nimwamini kwa gunia zima baada ya kunionyesha kiganja kimoja, na yeye hataki kuniamini hata kwa kiroba. Nimeliweka moyoni jambo hilo mwaka mzima na bado linanikera.

Namba mbili ni Kyela. Mchele wa kule ndio ninaoupenda kuliko mingine yote na sifichi. Ukiupika harufu inatoka mpaka barabarani, hauhitaji nazi wala siagi. Umewekwa wa pili kwa sababu ya joto. Kyela iko chini kabisa, kando ya Ziwa Nyasa, kuna joto na unyevunyevu, na fukusi wanaupenda mchele ule kama sisi. Nunua mara tu baada ya mavuno, kutoka kwa mtu unayemfahamu au aliyeelekezwa na ndugu, na ukishapanda nao Tukuyu mpaka Mbeya uhifadhi siku hiyo hiyo.

Halafu jina. Kila mchele unaouzwa Mbeya leo unaitwa wa Kyela! Saro, aina nyingine ya mpunga inayolimwa Mbarali, eti ni Kyela, supa ya msimu wa juzi ni Kyela. Saro haina ubaya, inazaa sana na wali wake unashiba, lakini iuzwe kwa jina lake na bei yake. Mkulima wa Kyela hapati hata senti katika jina analoazimwa hivyo, na mlaji analipia harufu ambayo hatainusa. Tena wapo wanaochanganya. Debe moja la Kyela halisi linamwagwa juu ya gunia la kitu kingine, na bambo la juu likichomwa linaleta Kyela. Unaona kwa nini nasisitiza bambo la chini.

Namba tatu ni wauzaji wa jumla mjini, Mwanjelwa na Soweto. Sijawasusa, maana mwezi wa pili Igurusi hakuendeki na watoto wanakula. Masharti yangu ni chaga, pembe mbili za chini, bambo la chini, na mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Omba gunia kutoka safu ya katikati. Kijana atanung'unika kwa kupangua mzigo, mpe kitu kidogo.

Mifuko ya kilo tano ya supamaketi ni ya mtu anayeishi peke yake. Mchele wa bei ya kutupa unaouzwa pembeni mwa barabara jioni, sinunui.

Ukishafikisha mzigo nyumbani, kazi ya sakafu inakuwa yako. Mimi natumia mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka bila hewa, na sitaki kusikia ya aina nyingine. Ina matabaka matatu, nailoni mbili ndani na salfeti nje. Unajaza, unakamua hewa kwa mikono, unasokota mdomo wa nailoni ya kwanza na kuufunga kwa kamba, kisha ya pili, kisha ya nje. Fukusi waliomo wanakosa hewa na kufa wenyewe, bila dawa. Angalia tu isitoboke, na panya wasiifikie. Wangu wa mwisho niliuuziwa shilingi 5,000, na huu ni msimu wa tatu unafanya kazi. Wanaoweka vidonge vya ghalani kwenye gunia la chumbani waache leo. Gesi inayotoka kwenye vidonge vile inaua watu, na ghala lina milango mikubwa ambayo chumba chako hakina.

Vitu vingine kwa haraka. Maharage nunua ya miezi mitatu tu, hata yakiwa ya njano mazuri ya Uyole, kwa sababu yakizeeka hayaivi, na utakachookoa sokoni utakichoma kwenye mkaa. Unga wa dona usizidi wiki chache, kiini cha hindi kina mafuta na unachacha. Sukari nunua kiroba kizima bila woga, ila nayo iwe juu ya chaga. Mafuta ya dumu la lita 20 hakikisha lakiri haijaguswa, na ukiambiwa ni alizeti tupu, ngoja baridi ya Juni. Yakiganda meupe chini ya dumu, huenda yamechanganywa na mawese.

Kikundi chetu kinashuka Igurusi Jumamosi ya kwanza ya Julai. Tumekodi gari la tani tatu na tunabeba mifuko yetu. Fundi wa pale Kabwe ametutengenezea chaga nane kwa mbao za makreti ya zamani, moja kwa kila nyumba. Ya kwangu imeshawekwa, kiganja kizima kutoka ukutani.