Gemu za Mario: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Isubiri

Super Mario Bros., gemu ya kampuni ya Nintendo, ilitoka Japani Septemba 1985, na mtoto wa leo akishikishwa pedi hahitaji kuelezwa afanye nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya gemu hizi kudumu, na ndicho kipimo nilichozipangia hapa: ipi inamfundisha mchezaji kupitia vidole vyake, bila kumlazimisha asome Kiingereza.

Itazame levo ya kwanza kabisa. Mario anasimama kushoto mwa skrini, na mbele yake njia ni wazi. Adui wa kwanza anamjia taratibu. Usiporuka unakufa na kuanza upya mwanzoni, hatua chache tu nyuma. Ukiruka, kichwa kinagonga boksi lenye alama ya kuuliza. Uyoga unachomoka, unateleza kulia, unaanguka chini, unagonga bomba, kisha unageuka kukufuata wewe. Hata ukiukimbia, mara nyingi unakupata, na Mario anakuwa mkubwa. Hakuna neno hata moja la maelekezo lililoandikwa. Wabunifu wake, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, walipanga hayo kwa makusudi, na wengi wetu Afrika Mashariki tuliyajifunza hivyo hivyo kwenye mashine za kaseti zilizoiga Famicom, mashine ya Nintendo ya enzi hizo.

Nazungumzia Nintendo Switch, mashine ya gemu ya Nintendo yenyewe, kwa kuwa gemu hizi haziuzwi kwa PlayStation wala Xbox. Nyingi zake zinacheza pia kwenye Switch 2.

1. Super Mario Bros. Wonder (2023). Anza na hii, hasa nyumba yenye watoto. Wanacheza hadi watu wanne kwenye TV moja, na tofauti na zilizotangulia, wachezaji hawasukumani wakaangushana shimoni. Mmoja akifa anageuka mzuka, na akimgusa mwenzake ndani ya sekunde tano anafufuka. Mdogo kabisa mpe Yoshi au Nabbit: maadui hawawadhuru, ingawa shimoni wanaweza kutumbukia. Levo nyingi zina ua la maajabu linalopindua kila kitu. Mabomba yanaanza kutambaa kama viwavi, na hakuna anayekwambia mapema. Mshangao wa uyoga wa 1985 uko hai humu.

2. Mario Kart 8 Deluxe (2017). Ni ya mbio za magari, na ndiyo gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye Switch, zaidi ya nakala milioni 60. Ina njia 48 bila kununua nyongeza. Washa usukani wa kusaidia na hata bibi atamaliza mbio bila kutoka barabarani. Kama nyumba yenu hujaa wageni sikukuu, ipandishe iwe ya kwanza, sitabishana.

3. Super Mario Odyssey (2017). Kwa mtu mmoja mwenye muda, hakuna nzuri zaidi. Mario anamrushia chura kofia, naye anakuwa chura, baadaye dinosaria. Nimeishusha kwa sababu ina maongezi mengi ya kusoma, na Kiswahili hakimo.

4. Zile za zamani. Super Mario Bros. 3 ya 1988 na Super Mario World ya 1990 bado ni tamu mno, lakini kwenye Switch unazipata kwa kulipia Nintendo Switch Online. Ukiacha kulipa, zinafungwa. Chukua usajili ukiwa tayari una sababu nyingine ya kuutaka.

5. New Super Mario Bros. U Deluxe (2019). Si mbaya, ila humu wachezaji wanagongana, na watoto watalizana. Kwa kuwa Wonder ipo, isubiri.

Kuhusu bei: Nintendo huzishusha kwa nadra, kwa hiyo kaseti iliyotumika ndiyo nafuu ya kweli. Kaseti ya Switch haifungwi kwa nchi. Ya Dubai au London itacheza Dar es Salaam au Mombasa. Ni ndogo sana, na imepakwa kitu kichungu makusudi ili mtoto asiimeze.

Mashine yenyewe iangalie vizuri. Switch Lite haiunganishwi na TV na pedi zake hazichomoki, kwa hiyo kwa familia inayotaka kucheza pamoja sebuleni haifai hata ikiwa rahisi. Ukinunua iliyotumika, omba gemu iwashwe dukani, kisha weka pedi juu ya meza bila kuigusa. Mario akianza kutembea mwenyewe, kijiti cha kumwongozea kimechakaa: dai pedi nyingine au upunguziwe bei kabla hujatoa hela.