Mwaka mzima na mvinyo wa bei nafuu wa supamaketi: uzoefu wangu

Chupa ya mwisho niliyofungua ilikuwa Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, yenye kifuniko cha kuzungusha, niliyoitoa rafu ya pili kutoka chini. Ilinukia tofaa bichi na asali kwa mbali, na uchachu wake uliufanya mdomo utamani funda jingine. Naanza na hiyo kwa sababu imebeba karibu yote ninayotaka kusema. Mvinyo mzuri wa bei nafuu supamaketi upo, tena mwingi, ila haukai pale jicho linapotua kwanza.

Kwa mwaka mzima mimi na mume wangu tulikubaliana chupa moja kwa wiki, ya supamaketi tu, na isiwe ya rafu ya juu. Kila chupa niliandika daftarini: zabibu, eneo, mwaka wa mavuno, nani ameijaza, na jibu la swali moja, je, ningeinunua tena? Nilikuwa nimechoka kununua kwa kubahatisha. Nilikuwa nikichukua chupa yenye picha ya jumba la mawe na maandishi ya dhahabu, nikifika nyumbani nakuta maji makali yasiyo na harufu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Nilikuwa natafuta majina makubwa kwa bei ndogo. Bordeaux ya bei ya chini kabisa, Chablis inayouzwa kwa bei ya kushangaza, Pinot Noir ya bei ya kutupwa. Jina maarufu lina gharama yake, na ukilipa kidogo, sehemu kubwa ya hicho kidogo inakwenda kwenye jina. Pinot Noir yenyewe ni zabibu yenye ganda jembamba, inaumwa upesi, na haizai vizuri isipokuwa kwenye hali ya hewa inayoipenda. Kuilima vizuri kwa bei ya chini ni kazi ngumu. Kwenye daftari langu Pinot Noir nne za bei ya chini zote zina neno moja: hapana.

Nikageuza utaratibu. Badala ya kuuliza ni jina gani kubwa ninaloweza kulimudu, nikaanza kuuliza ni wapi wanalima vizuri ila dunia haijawapigia makofi. Jibu la kwanza likawa hiyo Chenin. Zabibu hii asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote, na kwa muda mrefu wakulima wa huko waliiita Steen. Miaka mingi sehemu kubwa yake ilikwenda kutengeneza brandi na mvinyo wa kawaida wa kila siku, kwa hiyo haikupata sifa ya kupandisha bei. Mizabibu mingine ikazeeka shambani bila kung'olewa, na mzabibu mzee huzaa kidogo lakini zabibu zake zina ladha nzito zaidi. Leo kuna chupa zenye muhuri wa mashamba ya mizabibu ya miaka 35 au zaidi, na muhuri huo unaonyesha mwaka shamba lilipopandwa. Hizo si za bei ya chini kabisa, lakini nikipata moja kwenye punguzo sisiti.

Jibu la pili lilinijia siku shemeji yangu alipotutembelea. Alikuja na chupa yake mwenyewe, nzito kama jiwe la kusagia, akaiweka mezani. "Shemeji," aliniambia, "chupa ya namna hii haiwezi kubeba mvinyo mbaya." Sikutaka kubishana naye. Nilichukua magazeti ya zamani, nikazifunga chupa nne kuanzia shingoni hadi chini, ya kwake ikiwamo, mume wangu akazichanganya tukiwa tumegeuza migongo, akaziandika namba. Tulimimina kidogo kidogo kwenye bilauri zinazofanana, kila mtu akaandika lake bila kusema. Tulipofungua magazeti, sote watatu tulikuwa tumeipa nafasi ya kwanza chupa yenye namba mbili: Garnacha ya Calatayud, Hispania, chupa nyepesi kuliko zote. Ile nzito ilikuwa ya tatu. Baadaye nilizipima zikiwa tupu kwenye mizani ya jikoni. Nzito ilikuwa gramu 880, nyepesi gramu 410. Kioo chote kile cha ziada mnunuzi ndiye anayekilipia, pamoja na kukisafirisha. Shemeji aliinyanyua ile nyepesi, akaipima mkononi, akaniomba nimwandikie jina.

Garnacha ni zabibu ile ile Wafaransa wanayoiita Grenache. Calatayud na jirani yake Campo de Borja ni maeneo ya Aragon ambayo mizabibu yake mingi ni ya zamani, na mengi ya mashamba hayo yako juu milimani, ambako usiku wa baridi unalinda uchachu hata zabibu zikiiva sana. Mvinyo wake ni mwekundu wa kukolea, una harufu ya matunda mekundu na pilipili manga, na ukakasi wake ni mpole. Kwa anayesema mvinyo mwekundu unamkausha ulimi, ningempa huu kwanza.

Wa viputo nao una njia yake. Champagne hutengenezwa kwa mvinyo kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa, kisha hukaa na mashapo ya hamira. Kwa jumla lazima ipite angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Cava ya Hispania hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, ikikaa na mashapo angalau miezi 9, na Crémant za Ufaransa vilevile. Ndiyo maana Cava ya kawaida ya supamaketi mara nyingi ina ile harufu ya mkate uliotoka motoni, ambayo huipati kwa urahisi kwenye Prosecco ya Italia, kwa kuwa Prosecco nyingi huchachuka mara ya pili ndani ya tangi kubwa. Prosecco si mbaya, ina uzuri wake wa matunda na maua, ila ni kitu kingine. Na tahadhari moja iliyonigharimu chupa mbili: kwenye mvinyo wa viputo, maneno "Extra Dry" yanamaanisha mtamu kuliko "Brut". Brut ina chini ya gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ina kati ya 12 na 17. Kama unapenda mkavu, yaani usio na utamu, chukua Brut.

Siku hizi nikiinua chupa, kitu cha kwanza ni kuigeuza. Lebo ya mbele imetengenezwa ili uipende. Ya nyuma mara nyingi ndiyo yenye maelezo ninayoyahitaji. Natafuta aliyejaza chupa na mahali alipojazia. Ikiwa mkulima mwenyewe au ushirika wa wakulima wa eneo lile umeijaza, nina imani zaidi. Mvinyo mwingi wa bei ya chini husafirishwa baharini ndani ya mifuko mikubwa ya plastiki, kila mmoja karibu lita 24,000 ndani ya kontena, kisha hujazwa kwenye chupa nchi unakouzwa. Si kosa, na kuna mizuri niliyokunywa iliyosafiri hivyo, lakini lebo ya mbele ikinionyesha shamba, na ya nyuma kiwanda cha nchi ya mbali, nataka nijue ninachonunua.

Maneno kama "Reserva" yamenipotosha kuliko picha zote za majumba. Eneo la Rioja, Hispania, neno hilo lina sheria ya muda wa kukomaza mvinyo: Crianza nyekundu ni angalau miaka 2, mwaka 1 kati yake kwenye pipa la mwaloni, Reserva ni miaka 3, mmoja kwenye pipa, Gran Reserva ni miaka 5. Mahali pengine neno hilo hilo halina masharti makali namna hiyo, na linaweza kuwa limewekwa kwa ajili ya urembo tu. Kwa hiyo Crianza ya Rioja kwangu ni ununuzi mzuri mno, kwa kuwa mtu mwingine ameshautunza mvinyo kwa niaba yangu. Neno "Reserva" likiwa peke yake silihesabu. Vibandiko vya medali nami nimeviacha, mashindano ni mengi mno.

Kuhusu mwaka wa mavuno niko mkali. Mvinyo mweupe wa bei nafuu na ule wa waridi haukutengenezwa kusubiri. Nikiona wa miaka minne au mitano iliyopita umewekewa punguzo kubwa, naurudisha. Nao ule wa waridi kwenye chupa isiyo na rangi, uliosimama mbele kabisa chini ya taa kali, nauogopa. Mwanga hupita kioo kile na kuharibu mvinyo, ukaanza kunuka kabichi iliyochemshwa. Niliuonja mmoja hivyo, nikadhani wote uko hivyo. Wiki iliyofuata nilichukua chupa ya mvinyo ule ule kutoka nyuma ya rafu, ndani kabisa kwenye kiza, nikapata stroberi na chungwa. Tangu hapo mkono wangu huenda nyuma.

Kisa kilichoniumiza ni cha chupa nyekundu yenye kizibo cha gome. Niliifungua, nikanusa, nikakuta harufu ya boksi la karatasi lililoloa na kuachwa stoo. Matunda yote yalikuwa yamezimika. Tatizo hilo lina jina, TCA, kemikali inayotokana na kizibo, na halitokani na mkulima kuwa mzembe wala mvinyo kuwa wa bei ya chini; hata chupa ya gharama kubwa inaweza kupatwa. Sikuimwaga, niliiziba vizuri na kuirudisha pamoja na risiti. Duka lile, sitalitaja, liliniambia kwamba nimeshaifungua kwa hiyo ni mali yangu. Nilimwomba msimamizi ainuse mwenyewe. Alikataa kuikaribia. Nilirudi na chupa yangu nikiwa na uchungu, maana kasoro hii haiwezi kuonekana kabla ya kufungua, na mnunuzi hana namna nyingine ya kuigundua. Duka jingine, miezi michache baadaye, kwa kasoro ile ile, walinusa, wakaomba radhi na kunipa nyingine palepale. Hilo la pili ndilo ninalonunua sasa. Kifuniko cha kuzungusha hakina tatizo hili la gome, na siku hizi nakipenda bila kuona haya. Kikundi cha watengenezaji wa Clare Valley, Australia, kilihamia kwenye vifuniko hivyo kwa mivinyo yao myeupe ya Riesling mwaka 2000, na hiyo ni mivinyo ya heshima.

Boksi la lita 3 lenye koki nalo nimelijaribu mara mbili. Mfuko wa ndani hunywea kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na mvinyo hukaa wiki kama nne hadi sita baada ya kufunguliwa. Kwa mtu anayetaka bilauri moja jioni, kisha akaacha siku tatu, ni bora kuliko chupa iliyobaki nusu. Ila tazama tarehe ya kujazwa, mfuko huo hautunzi mvinyo kwa miaka.

Jambo dogo lililobadilisha daftari langu kuliko nilivyotarajia ni joto. Mvinyo mwekundu wa bei nafuu ukiwa na joto la chumba chenye jua, pombe inaruka puani na utamu unakuwa mzito. Nauweka kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Nao mweupe nautoa dakika kumi kabla, kwa sababu ubaridi wa nyuzi 4 unaficha harufu yote uliyolipia. Chupa tatu nilizokuwa nimeandika "hapana" nilizinunua tena baada ya kugundua hili, na mbili zikageuka "ndiyo".

Kitu kingine kuhusu bei, bila kutaja tarakimu. Chupa, lebo, kifuniko, usafiri na kodi, hivi vyote vinagharimu karibu sawa kwa chupa ya bei ya chini kabisa na ile inayoifuata. Ukipanda hatua moja tu juu ya ile ya chini kabisa, sehemu kubwa ya nyongeza ile inaingia kwenye mvinyo wenyewe. Hatua hiyo moja ndiyo niliyoiona wazi zaidi kwenye kurasa zangu. Hatua ya tatu na ya nne tofauti ilikuwa finyu, mara nyingine haikuwapo.

Kwa sasa nina majina matatu niliyoyazungushia wino mwekundu: ile Chenin, Garnacha ya Calatayud, na Cava moja ya Brut. Hizo zikiisha nyumbani nanunua bila kufikiri. Wiki ijayo nataka kutafuta Muscadet, mvinyo mweupe mkavu unaotoka upande wa Loire unaokaribia bahari ya Atlantiki, kwa zabibu iitwayo Melon de Bourgogne, ambayo watu wachache wanaitaja. Nitaangalia kama lebo ina maneno "sur lie", maana yake ulikaa na mashapo yake hadi ulipojazwa. Jina nimeshaliandika daftarini, na nafasi ya mbele yake nimeiacha wazi.